Nimepokea, Nenda Kajinyooshe

Mpwa wangu ndiye aliyeniambia nitazame juu.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi usiku, giza limeshaanza kuingia, nami nimekaa barazani na nguo za kazi mwilini. Zamu yangu huanza saa mbili usiku na kwisha saa mbili asubuhi. Ni kituo cha kusukuma maji: pampu tatu, chumba kimoja chenye meza na daftari, na mtu mmoja wa kuzitazama. Mtu huyo ni mimi.

"Mjomba, ile pale si ndege."

Nikainua uso. Nukta nyeupe, inang'aa kuliko nyota yoyote, ilikuwa inapanda kutoka kusini-magharibi bila sauti na bila kupepesa. Ikapita juu ya utosi wa nyumba, ikaelekea baharini. Kabla haijashuka hata nusu ya njia yake, ikaanza kufifia. Ikawa kama kaa la moto linalokufa. Ikazimika.

Hakukuwa na wingu hata moja.

"Imeingia kwenye kivuli cha dunia," akasema, bado macho yakiwa kwenye simu yake. "Ni kituo cha anga za juu, wamo watu mle, Mjomba. Sasa hivi kwao jua limekuchwa."

Nikamuuliza jambo la kwanza lililonijia: wanalala saa ngapi?

Hakujua. Nikachukua tochi yangu na chupa ya chai nikaenda kazini, na swali likaenda na mimi.

## Neno lililonifuata

Swali lile lisingenikaa kama isingekuwa yaliyonipata miezi minne kabla.

Saa tisa usiku nilisinzia. Sikwenda kulala mahali, nilisinzia nimekaa, kiganja shavuni, daftari limefunguliwa mbele yangu. Pampu ziliendelea kusukuma, tangi la mlimani likajaa, likafurika. Nilipozinduka kulikuwa kunapambazuka, na maji yalikuwa yameteremka hadi uani kwa bibi mmoja anayeishi chini ya tangi. Magunia yake mawili ya mahindi yalilowa. Nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha kwa upole ulioniuma kuliko barua ya onyo niliyoandikiwa na wakubwa zangu.

Barua ilisema "uzembe". Ulikuwa usiku wangu wa kumi na moja mfululizo, kwa sababu mwenzangu alikuwa anaumwa na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake.

Sikuipinga. Maji yalimwagika kweli, mahindi yalilowa kweli. Lakini kwa wiki kadhaa nilijiuliza kama usingizi ni suala la tabia. Kama mtu hodari haswa, mwenye nidhamu, anaweza kuuambia mwili wake sasa lala, sasa amka, nao ukatii.

Kule juu wanapelekwa watu waliochujwa kutoka maelfu: marubani, madaktari, wahandisi, wanasayansi. Nikaona kama kuna watu walioushinda usingizi, ni hao. Nikaanza kusoma habari zao, usiku, mgongo wangu ukiwa kwenye ukuta unaotetemeka kwa mvumo wa pampu.

## Saa moja asubuhi, mara kumi na sita

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinaizunguka dunia kiasi cha kilomita 400 juu yetu, kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Mzunguko mmoja ni dakika 90 na ushei. Kwa siku moja yetu, jua linawachomozea na kuwachwea mara 16.

Sisi wa Kiswahili tunahesabu saa kwa jua. Likichomoza tunaanza: saa moja, saa mbili. Likichwa tunaanza upya. Nilijaribu kuichukua saa yetu hii na kuipeleka kule juu kichwani mwangu, nikashindwa. Hujafika hata saa mbili asubuhi, jua limeshakuchwa. Hujafika saa mbili usiku, limeshachomoza tena. Maneno "alfajiri" na "magharibi" yangekuwa yanapita dirishani kama vituo vya daladala.

Ndiyo maana wao wanashika saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ratiba yao ya kawaida inawataka walale saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa sita na nusu usiku hadi saa tatu asubuhi. Ile nukta niliyoiona na mpwa wangu ilipozimika, kwao ilikuwa saa kumi alasiri na dakika chache. Jua lilikuwa limekuchwa, lakini watu bado wako kazini.

Nilirudia kuisoma sehemu hiyo mara mbili tatu. Siku yao haifungwi na jua. Inafungwa na watu.

Hata taa zimeingizwa kazini. Kuanzia mwaka 2016 walianza kubadilisha taa za zamani na kuweka za LED zenye hali tatu: mwanga wa kawaida wa kufanyia kazi, mwanga wenye ubuluu wa kuuchangamsha mwili, na mwanga wa rangi ya joto, unaokaribia wa machweo, wa kutumia kabla ya kulala. Mwili unadanganywa kwa wema. Unaonyeshwa jioni ambayo haipo, ili uamini kwamba siku imekwisha.

Mimi naishi kinyume chake. Nikitoka kazini jua linanipiga usoni, majirani wanafagia nyua, watoto wanakwenda shule, mwuza samaki anapita na baiskeli yake akipiga kelele. Kila kitu kinauambia mwili wangu kwamba siku ndiyo kwanza imeanza.

## Usingizi bila kulala

Kiswahili kinatumia neno moja, kulala, kwa mambo mawili: kuulaza mwili chini na kupata usingizi. Kule juu mambo hayo mawili yanaachana. Hakuna chini. Huwezi kujibwaga kitandani baada ya kazi ngumu, kwa sababu hakuna kinachokuvuta kwenda kitandani.

Mtu wa kwanza kulijua hili kwa mwili wake alikuwa Gherman Titov, Mrusi, Agosti 1961. Alikuwa na miaka 25. Miezi minne kabla, Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alikwenda na kurudi ndani ya dakika 108, hakuwa na haja ya kulala. Titov alikaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo alipewa amri ambayo hakuna binadamu aliyewahi kupewa: lala huko. Kichefuchefu kilikuwa kimemsumbua. Alipofumba macho, mikono yake ikajiinua yenyewe ikaning'inia hewani mbele yake. Ilibidi aipachike chini ya mkanda ili itulie. Kisha usingizi ukamchukua, ukamchukua hasa, akapitiliza muda wa kuamka kwa nusu saa hivi.

Nilipofika hapo kwenye kupitiliza niliweka simu chini kidogo, nikapumua.

Siku hizi kila mwanaanga ana kijichumba chake, kinachomtosha akiwa amesimama. Vinne viko kwenye Harmony, mojawapo ya sehemu za kituo, na kwa kuwa hakuna juu wala chini, kimoja kiko sakafuni, kimoja darini, viwili kwenye kuta. Viwili vingine viko upande wa Warusi, kwenye Zvezda, na kila kimoja kina kidirisha. Ndani kuna kompyuta, picha za watu wa nyumbani, na mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani. Mtu anaingia mfukoni, anavuta zipu, anaelea mle ndani, mikono imemtangulia mbele. Wengine hujifunga mkanda kuzunguka kichwa na kipande cha mto, si kwa haja ya kuegemea, bali ili shingo ipate ile hisia kwamba kuna kitu kimeipokea.

Kuna kitu kuhusu pumzi ambacho sikukitegemea. Kwetu hewa ya moto tunayoitoa inapanda na kuondoka, hewa mpya inashika nafasi. Kule haipandi, kwa sababu hakuna kupanda. Ukilala mahali penye hewa iliyotulia, hewa ya ukaa unayoitoa inabaki imekuzunguka usoni kama shuka, unaivuta tena, na unaweza kuamka na kichwa kinagonga, unahema. Kwa hiyo kila kijichumba kina feni, na feni haizimwi. Kupumzika, neno letu, limezaliwa na pumzi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mahali ambapo mtu akipumzika vibaya anasongwa na pumzi yake mwenyewe.

Yako na mazuri. Mwaka 1998 walipima usingizi wa wanaanga wa shato, chombo cha Wamarekani cha kwenda angani na kurudi, akiwemo John Glenn aliyekuwa na miaka 77, wakagundua kwamba kukoroma kulipungua mno, karibu kuisha. Na uti wa mgongo, ukiondolewa mzigo, unarefuka. Mtu anaweza kuongezeka hadi asilimia 3 ya urefu wake, na mgongo ukamuuma kwa ajili hiyo.

Kujinyoosha, huko, ni kujinyoosha kweli.

## Pampu karibu na kichwa

Sehemu hii niliisoma nikiwa kazini, na sitaisahau.

Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakatembea mwezini kwa saa mbili na nusu hivi, wakarudi ndani ya chombo chao, wakafunga mlango. Ratiba ikasema: pumzikeni. Kesho yake walikuwa na kazi moja tu ya maana, kuwasha injini iliyokuwa peke yake, isiyo na mbadala, ili waondoke.

Hawakulala.

Aldrin alijikunja sakafuni. Armstrong alikaa juu ya kifuniko cha injini, akatengeneza kitanzi cha kamba cha kuning'iniza miguu. Walikuwa bado na suti zao. Baridi ikawaingia. Taa ndogo za mitambo zilikuwa zinawaka, mwanga wa nje unapenya kwenye vifuniko vya madirisha. Na karibu na kichwa cha Armstrong palikuwa na pampu ya kuzungusha maji ya kupozea, inanguruma.

Kulikuwa na darubini pia, iliyokuwa imeelekea juu. Alipotulia, kitu kikawa kinamwangazia jicho kama taa ya umeme. Ilikuwa dunia. Nuru ya nyumbani kwao, kwetu sote, ilipita kwenye ile darubini ikamfuata jichoni.

Aldrin alipata usingizi mwepesi wa saa mbili hivi. Armstrong hakupata kitu. Safari iliyofuata, Apollo 12, ilipewa vitanda vya bembea, na kuanzia Apollo 15 watu waliruhusiwa kuvua suti wakalala.

Nilikaa nikizitazama pampu zangu. Nilikuwa nimemchukua mtu yule kuwa kilele cha uhodari, mtu aliyeshusha chombo kwa mkono wake mafuta yakikaribia kwisha. Naye alishindwa na baridi, mwanga na mvumo wa pampu. Hakuna aliyemwandikia barua. Walirudi nyumbani, wakaulizwa nini kiliwazuia kulala, na waliofuata wakaletewa vitanda.

## Kwa Mzee, Pangani

Ijumaa moja nilikwenda kumwona baba. Alifanya kazi kwenye majahazi miaka mingi, Tanga, Pemba, Unguja, mpaka Lamu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

Nikamwambia nimetoka zamu. Tukanywa kahawa. Nikamuuliza walikuwa wanalala vipi baharini, na yeye, ambaye kwa kawaida hapendi kusimulia, akaweka kikombe chini.

"Juu ya shehena. Zikiwa boriti, unaamka na mistari mgongoni. Tulikuwa tunajifunga kamba, huku mguuni, kule mlingotini, lisije wimbi likakubwaga."

"Na usingizi ulikuwa unakuja?"

Akafikiri. "Ulikuwa unategemea nani yuko kwenye usukani. Akiwa nahodha, au Mpemba mmoja tuliyekuwa naye, nilikuwa nalala kama nimekufa. Akiwa mwingine, nafumba macho tu nasikiliza tanga."

"Zamu yako ikiisha alikuwa anasemaje, huyo Mpemba?"

"Anakugusa bega. Anasema, nimepokea, nenda kajinyooshe."

Nilirudi na basi la saa kumi, nimeinamia kioo, na neno hilo moja. Nimepokea.

Kwa sababu nilikuwa nimeshasoma jambo ambalo sikuwa nimelielewa. Kwenye kile kituo hakuna anayekesha. Wote wanalala pamoja. Mashine inayokwenda kilomita 28,000 kwa saa, nje yake hakuna hewa hata ya kuvuta mara moja, na ndani kila mtu yuko mfukoni mwake na taa zimepunguzwa. Usukani umeshikwa chini, na watu walio Houston, na wengine karibu na Moscow, wanaopokezana kwa zamu mbele ya vioo vyao usiku na mchana. Tangu Novemba 2000 kituo hicho hakijakaa bila mtu hata siku moja. Maana yake, katika usiku wote huo wa robo karne, kuna mtu wa zamu aliyekuwa macho kwa ajili ya waliolala.

Nina wivu nao, nakiri. Wale wa juu kwa sababu wana wa kuwapokea. Na wale wa chini kwa sababu wako wengi chumbani.

Mimi niko na daftari.

## Zile saa mbili na nusu

Ningeishia hapo, ingekuwa habari nzuri: mpe mtu wa kumpokea, atalala. Lakini niliendelea kusoma, na mambo yakakataa kukaa sawa.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi iliyochukua miaka kama kumi. Waliwavisha saa za kupimia usingizi wanaanga 64 waliosafiri na shato na 21 waliokaa kwenye kituo. Wa kituoni wanapangiwa saa nane na nusu za kulala. Walilala, kwa wastani, saa sita na ushei kidogo. Na kati ya 16 wa kituoni waliotoa taarifa za dawa, 12 walikiri kutumia dawa za usingizi wakati fulani wakiwa huko.

Saa nane na nusu zimetengwa, zimelindwa, kuna mtu chini amepokea. Bado saa mbili na zaidi zinapotea kila usiku.

Nilivunjika moyo. Wiki nzima sikusoma chochote.

Baadaye nikaanza kuzitafuta sababu. Kuna kelele, feni hazinyamazi, na wengi huziba masikio. Kuna vyombo vinavyofika kutia nanga saa za ajabu, na wote wanalazimika kuhamisha usingizi wao, leo mbele, kesho nyuma. Hilo sihitaji kuelezwa na mtu, naliishi kila wiki ya kubadilisha zamu. Tena kuna vimulimuli: tangu enzi za Apollo wanaanga wanaeleza kwamba wakifumba macho gizani wanaona mimweko ya mwanga, inayotokana na chembechembe za miale ya anga zinazopita ndani ya jicho lenyewe. Fikiria unafumba macho na giza linakataa kuwa giza.

Lakini sababu iliyonigeuza ilikuwa nyingine. Nayo ilianzia mahali pa zamani.

## Desemba 1973

Kabla ya kituo hiki Wamarekani walikuwa na kingine, Skylab. Wafanyakazi wake wa tatu na wa mwisho, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walipanda Novemba 1973. Wote watatu ilikuwa mara yao ya kwanza kwenda angani. Wakapangiwa kazi kwa kasi ambayo waliowatangulia waliifikia mwishoni, wakiwa wameshazoea. Pogue alianza kwa kuugua. Wakachelewa kazi ya kwanza, ya pili ikawakuta hawajamaliza ya kwanza, wakaanza kula huku wanafanya kazi, wakafanya kazi katika saa za mapumziko, makosa yakaongezeka, na chini wakaongezewa maagizo.

Kuna hadithi maarufu kwamba waligoma, wakazima redio. Wenyewe walikanusha miaka yote, na mimi nawaamini. Kilichotokea kinanigusa zaidi ya mgomo: mwishoni mwa Desemba walizungumza na watu wa chini kwa uwazi, kila upande ukasema kinachouudhi. Wakakubaliana kwamba saa za kula ziachwe ziwe za kula, jioni iachwe iwe ya watu wenyewe, na kazi zisizo na haraka ziwekwe kwenye orodha ili kila mtu aichukue anayoiweza anapoiweza.

Wakamaliza siku 84, wakiwa wamefanya kazi nyingi na nzuri.

Na ile jioni waliyopewa waliifanyia nini? Walikwenda dirishani.

## Barazani kwao

Mwaka 2010 kituo cha sasa kilipachikwa kibanda cha vioo saba kilichotengenezwa Italia, kinachoitwa Cupola. Kinatazama chini, duniani. Kilijengwa kwa ajili ya kazi, kuongoza mkono wa roboti na kuona vyombo vinavyokuja. Lakini wanaanga wakishapata nafasi, huko ndiko wanakokwenda. Wanaona radi za bonde la Kongo zikiwaka na kuzimika usiku kucha kama watu wanaoitana kwa tochi. Wanaona theluji ya Kilimanjaro, bahari yetu, taa za miji.

Watafiti waliwahi kuzichambua picha za dunia zilizopigwa kutoka kituoni kwa miaka kadhaa, kabla hata ya Cupola kuwekwa. Zaidi ya asilimia 80 hazikuagizwa na mtu. Wanaanga walizipiga kwa hiari yao.

Wanafanya na mengine. Chris Hadfield alipiga gitaa, Cady Coleman alikwenda na filimbi zake, Sunita Williams mwaka 2007 alikimbia mbio za marathoni za Boston akiwa juu ya mashine, amefungwa mikanda, kwa saa nne na dakika 24. Wanaongea na watu wao kwa simu. Jumapili wanaachiwa. Yote hayo ni mapumziko, lakini ukisikiliza wanavyosimulia, mara zote wanarudi kwenye dirisha.

Wanabarizi.

Sina neno jingine. Wamemaliza kazi, wanakwenda kukaa mahali ambapo dunia inapita mbele yao, hawana wanachokitafuta. Nasi tunakaa barazani vivyo hivyo, mtu anapita, gari linapita, unaitikia salamu, kichwa kinapungua uzito. Na baadhi ya zile saa zinazokosekana usiku zimekwenda huko. Ratiba inasema lala, na mtu anajua amebakiwa na siku kadhaa tu za kuiona dunia hivyo, anasema mzunguko mmoja zaidi. Dakika 90 nyingine.

Mwanzoni niliwaona wanajiibia. Sasa sina hakika.

Kwa sababu mimi pia nina dirisha langu, na limekuwa ugomvi nyumbani. Nikitoka zamu siendi kulala. Naenda ufukweni, nakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, natazama wavuvi wakigawana samaki. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Mke wangu husema, "Baba Zuwena, mwili huo si wa chuma. Saa ya kulala unaipeleka baharini." Ana haki. Hesabu ninazozisoma ziko upande wake. Saa sita hazimtoshi mtu, na kukosa kidogo kidogo kila siku kunajilimbikiza mpaka siku tangi linafurika.

Lakini nikienda kitandani moja kwa moja kutoka kwenye pampu, nafumba macho na mvumo unaendelea kichwani. Nikipitia kwanza pwani, nikifika nyumbani nalala. Nimejaribu hivi na hivi. Usingizi wa kuletwa na ratiba peke yake haunijii. Mpaka kwanza nipate kitu kidogo kisicho cha mtu mwingine.

Nilimsomea mke wangu habari za Skylab. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Nusu saa, si saa nzima."

## Alfajiri

Nimeandika barua kuomba mtu wa pili katika zamu ya usiku. Nimeeleza kwamba mtu mmoja kwa saa kumi na mbili, usiku kumi na moja mfululizo, ni tangi litakalofurika tena, akae pale yeyote yule. Sijajibiwa. Nitaandika nyingine.

Juzi mpwa wangu alinitumia ujumbe: kitapita saa kumi na moja alfajiri. Nikatoka nje dakika tatu kabla, mlango nimeuacha wazi nisikie pampu. Adhana ilikuwa imeshapita. Safari hii hakikupanda kutoka pembeni. Kilitokea katikati ya anga, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kutoka ndani ya kivuli: kwanza wekundu hafifu, kisha cheupe, kisha kikawa nyota kubwa kuliko zote. Jua lilikuwa limewachomozea tena, mara ya ngapi siku hiyo sijui.

Kwao ilikuwa saa nane usiku. Walikuwa wamelala, au wamefumba macho, au mmoja wao alikuwa ameteleza kimyakimya hadi kwenye vioo, na pwani yetu ilikuwa inampita chini bado ina giza.

Nikakitazama mpaka kilipoishia baharini. Nikarudi ndani, nikasoma kipimo cha tangi, mita mbili na nusu, nikakiandika kwenye daftari na saa yake, nikazima pampu ya pili.

Saa mbili asubuhi mwenzangu akafika. Nilikuwa nimempigia hadithi za mzee siku ile, sikujua kama zilimwingia. Akaweka mfuko wake mezani, akalitazama daftari, akanigusa bega.

"Nimepokea," akasema.

Nikapitia ufukweni. Kule juu walikuwa wamebakiwa na saa moja.